Kikundi kinazoa taka na kufuga funza: pesa itoke wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana 14 hapa Kayole. Tunazoa taka za jikoni kwenye nyumba 180, kila nyumba inatulipa shilingi 200 kwa mwezi. Tunapata kama kilo 600 kwa wiki, na tumeanza kuzitumia kufuga funza wa nzi askari mweusi ili tuwauzie wafugaji wa kuku. Tumeambiwa huu ni ubunifu wa kijamii na una wafadhili wake, lakini maombi matatu tuliyotuma yamekataliwa. Tunakosea wapi, na twende kwa nani? – Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu Katibu, kazi yenu ni ubunifu wa kijamii, ila si kwa sababu ya funza. Nzi huyo anafugwa sehemu nyingi siku hizi na hatamshangaza mfadhili yeyote. Kinachoangaliwa ni kama njia yenu inatatua tatizo la watu vizuri kuliko ile iliyokuwapo, na kama faida kubwa inabaki kwa wakazi badala ya kuishia kwa wenye mradi. Tatizo la Kayole ni taka zinazooza mtaroni. Ombi linaloanza kwa kumsifu funza linamwacha msomaji akijiuliza mtaro umebadilika vipi.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu nahisi maombi yalikwama hapa. Kilo 600 kwa wiki ni kilo 2,400 kwa wiki nne. Taka mbichi hutoa funza wabichi wa asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, yaani kilo 360 hadi 480. Wakikaushwa inabaki karibu theluthi: kilo 120 hadi 160. Tuseme mnunuzi anawapa shilingi 100 kwa kilo (wekeni bei yenu halisi). Hiyo ni shilingi 12,000 hadi 16,000. Ada za nyumba 180 ni shilingi 36,000. Kwa hiyo nyinyi ni wazoaji taka wenye kipato cha pembeni cha funza. Nyumba 40 zikikwepa kulipa mnapoteza 8,000, na hakuna funza atakayeziba pengo hilo haraka. Jaribuni kukubaliana na wenye ploti ada iingizwe kwenye kodi ya nyumba. Mtakusanya kwa watu wachache badala ya kubisha mlango kwa mlango.

Upande wa funza, makosa ni yale yale kila mahali. Funza 10,000 wa siku tano wanahitaji takriban kilo 15 za taka kwa siku 12 hivi. Mkiwajazia zaidi, chakula kinachacha, beseni linapata joto na funza wanaparamia kingo kutoroka. Unyevu uwe asilimia 60 hadi 70: kamua konzi moja mkononi, yatoke matone machache tu. Maji yakichuruzika, changanyeni pumba za mbao. Baridi ya Juni na Julai hupunguza mwendo sana, kwani funza hawa hupenda nyuzi 27 hadi 30, kwa hiyo msimwahidi mnunuzi kiasi kile kile mwaka mzima. Nepi na plastiki zitenganishwe nyumbani kwa mteja, si kwenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine, na mnaweza kuitaja mnapogawa ndoo.

Kabla ya ombi la nne, wekeni rekodi ya miezi mitatu. Daftari moja na mizani ya kuning'iniza vinatosha: tarehe, kilo zilizoingia, kilo zilizokataliwa kwa uchafu, funza waliovunwa, nyumba zilizolipa na zisizolipa. Mfadhili mzuri hulipia majaribio ili yafunze jambo. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa 2005 kwa ajili ya marejesho ya mikopo midogo, huku serikali ya Uingereza ikichangia karibu pauni milioni moja. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa, na hilo ndilo lililozinduliwa 2007.

Kuhusu pa kwenda, msianzie kwenye pesa. Ujuzi upo icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, ambao wamefanya utafiti mwingi wa wadudu wa chakula cha mifugo. Ulizeni kuhusu mafunzo na mbegu, yaani mayai au funza wachanga wa kuanzia. Mkitaka mashine ya kusaga taka, ulizieni Gearbox, karakana ya kubuni na kutengeneza vifaa hapa Nairobi, kabla ya kununua ya kutoka nje. Mkopo wa Uwezo, mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi, hauna riba, una ada ya utawala tu, lakini mkopo ni wa kununua kitu mnachokijua, kama mkokoteni au mabeseni. Msikopee majaribio, hayo ni kazi ya ruzuku. Kwa wafadhili wa kimataifa, Ashoka humuunga mkono mtu binafsi mwenye wazo kubwa, si mradi wa mtaa. Acumen huwekeza kwenye kampuni, na kwa ukubwa ambao hamjaufikia. Ikiwa maombi yenu matatu yalikwenda kwa watu wa aina hiyo, hayakukataliwa kwa ubaya wake. Yalibisha mlango usiohusika.

Usajili nao unaamua mlango. Kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinahitaji wanachama wasiopungua kumi, nanyi mmetimiza; kinatosha kwa Uwezo na ruzuku ndogo. Hakiwezi kuuza hisa, kwa hiyo mwekezaji akija mtahitaji kampuni. Msikimbilie huko sasa, gharama za kuwasilisha taarifa za kampuni kila mwaka zitawachosha bure. Shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutumika 2024, ni mzigo mkubwa mno kwenu. Kilicho cha haraka ni kibali cha kaunti na leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bila hivyo mfadhili makini hasomi ukurasa wa pili.

Angalieni pia katiba yenu inasema nini kuhusu mali. Vikundi vingi husahau kuandika mabeseni na mkokoteni ni vya nani mwanachama akiondoka, na ofisa wa ruzuku huuliza swali hilo mapema, pamoja na majina ya watia saini wa akaunti ya benki.