Kubadilisha majina hakuifanyi maikrokodi kuwa yako

Swali: Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mwalimu wa elektroniki, Chake Chake. Nimefungua prosesa kuukuu (chipu inayoiendesha kompyuta), nikaisoma maikrokodi yake, yaani maagizo madogo ya ndani yanayoiongoza, kwa picha za hadubini, na sasa nataka kutengeneza prosesa inayotekeleza maagizo yale yale ili niziuzie skuli. Fundi mmoja wa kompyuta ameniambia kuwa nikibadilisha majina na kupanga upya asilimia 30 ya mistari, itakuwa yangu kisheria. Ni kweli?

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu. Si kweli. Asilimia hiyo haimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 wala katika mikataba ya kimataifa, na haupiti mwezi ila naletewa madai kama hayo, mara asilimia 10, mara asilimia 20, mara asilimia 30, kana kwamba hakimiliki hupimwa kwa mizani kama dagaa wa Malindi. Mtu akiichukua kanga ya mwenziwe, akageuza rangi ya pindo na kutia jina jingine, hapana mwanamke Darajani atakayedanganyika. Na mhandisi anayeitwa mahkamani kulinganisha programu mbili ni mgumu kudanganywa kuliko huyo.

Linaloulizwa ni kitu gani kimetoka katika chipu ya zamani kikaingia katika mpya. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki na haki nyengine za ubunifu, katika kifungu cha 9, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo wala njia ya utendaji. Kazi inayofanywa na agizo la kujumlisha ni utendaji. Mistari ya maikrokodi inayolitekeleza ni maandishi ya mtu.

Kesi ya kuisoma ni ya kampuni mbili za kutengeneza chipu, NEC na Intel, iliyoamuliwa California mwaka 1989. Intel ilidai kwamba maikrokodi ya prosesa za NEC, V20 na V30, imenakiliwa kutoka ya prosesa zake, 8086 na 8088. (Uamuzi wa jaji wa mwanzo ulifutwa kwa sababu alikuwa na kijisehemu cha hisa za Intel kupitia klabu ya uwekezaji.) Jaji wa pili alikubali kwamba maikrokodi hulindwa na hakimiliki, lakini akaona NEC haikuivunja, ingawa mhandisi wake alikuwa ameichambua ile ya Intel. NEC haikuokolewa na majina. Iliajiri mtu mwengine aandike maikrokodi kutokana na maelezo ya kazi na mipaka ya maunzi (chipu yenyewe) peke yake, bila ya kuiona ya Intel. Mfanano uliojitokeza hata katika kazi yake ulionesha kwamba katika vipande vifupi maunzi yenyewe hayaachi njia nyingi.

Wababaishaji wameokota kipande kingine cha hukumu hiyo. Intel ilipoteza hakimiliki ya maikrokodi yake kwa kuwa nakala nyingi zilisambazwa bila ya tangazo la hakimiliki, nao wakahitimisha kwamba chipu isiyo na alama ni mali ya kila mtu. Sharti hilo lilikuwa la Marekani, nayo ililiondoa mwaka huo huo wa 1989. Leo haki huanza pale kazi inapoandikwa.

Kwako wewe, mwalimu, hataza (haki ya pekee anayopewa mwenye uvumbuzi) si tatizo kubwa, kwani hudumu miaka 20 na prosesa yako ni ya kale. Mwandikie maelezo ya maagizo mtu asiyeziona picha zako, aandike maikrokodi yeye, na kila rasimu itiwe tarehe na kuhifadhiwa.

Wanaochezea prosesa mpya wasiipokee njia hii kama hirizi, maana mwenye hataza hana haja ya kuthibitisha kwamba umenakili. Aliyebuni kitu hicho hicho kwa akili yake mwenyewe naye hukamatwa. Na wanaolipia huduma ya "kusafisha kodi", yaani maandishi ya programu, wajue wanachokinunua: majina yakibadilishwa huku makosa ya mwandishi wa awali yamebaki pale pale, mlalamikaji atayaonesha makosa hayo kuwa ushahidi wa kunakili, na majina mapya kuwa ushahidi kwamba ulijua unachokificha.