D Niliyoiongeza Mwenyewe

Kazi yangu ni kugeuza maandishi ya daktari kuwa misimbo ya magonjwa, zile namba ambazo bima huzisoma kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Naifanyia nyumbani hapa Columbus, Ohio, faili baada ya faili, wagonjwa siwaoni. Faili ninalotaka kulisimulia lilikuwa la mtoto ambaye hajaanza shule. Daktari aliandika kwa kifupi, "upungufu wa G6P", akaendelea na mengine.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye malaria. G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, naijua tangu utotoni: mdogo wangu wa kiume anao upungufu huo, na mama kila tukienda zahanati alikuwa anatangulia kuwaambia manesi wasimpe primakwini, dawa ya malaria, isije ikamharibia damu. Basi nilipoona G6P, kichwa changu kikaimalizia herufi iliyobaki. Nikaweka D75.A, msimbo wa upungufu wa G6PD usioambatana na anemia, nikapita.

Wiki kadhaa baadaye dai likarudi, limekataliwa. Daktari ameagiza pampu ya kumlisha mtoto usiku kwa mrija, pamoja na wanga wa mahindi. Bima inauliza: mwenye G6PD anavitakia nini vitu hivi? Swali la haki kabisa. Nikalifungua faili, na safari hii nikalisoma. Sukari inashuka mtoto akikaa saa chache bila kula. Ini kubwa. Asidi ya laktiki juu, asidi ya yuriki juu, mafuta ya damu juu. Hapa hakuna habari ya chembe nyekundu. Kilichokosekana ni glukosi-6-fosfatasi, kimeng'enya kinacholiwezesha ini kuachia sukari liliyoiweka akiba. Ni ugonjwa wa von Gierke, E74.01, wa kurithi kwa baba na mama wote wawili. Wanasayansi Gerty na Carl Cori walishaonyesha mwaka 1952 kwamba kimeng'enya hicho ndicho kinachokosekana kwenye maini ya wagonjwa hawa. Kumbe aliyekosea ni mimi.

Fungua faharasa ya misimbo, kwenye neno la upungufu: glukosi-6-fosfatasi na glukosi-6-fosfati dehidrojenasi (ndiyo G6PD) zimepangwa jirani, moja chini ya nyingine. Jicho likichoka linaruka mstari.

Kwa wenzangu mnaosomea kazi hii: hata majibu ya maabara yakikupigia kelele, huruhusiwi kuandika ugonjwa ambao daktari hajauandika. Mpelekee swali. Orodhesha dalili na vipimo vilivyomo kwenye faili, kisha muulize "G6P" alimaanisha nini. Usimwandikie "si ni von Gierke huyu?", maana hapo utakuwa umemtilia jibu mdomoni. Wangu alijibu kwa neno moja, "fosfatasi". Nikasahihisha, dai likatumwa upya. Na mgonjwa wa nje, asiyelazwa, akiandikiwa "inashukiwa", usiweke E74.01. Weka kinachoonekana: sukari kushuka E16.2, ini kubwa R16.0. Ndugu yake mzima aliyekutwa na jeni moja tu yenye hitilafu ni mbebaji, Z14.8, naye usimpe ugonjwa asioumwa.

Mzazi, wewe una kazi nyepesi kuliko yangu ila ina uzito zaidi. Omba nakala ya orodha ya magonjwa ya mwanao, uisome herufi kwa herufi. Msimbo wa makosa haukwami kwenye bima peke yake. Unabaki kwenye faili, na daktari wa zamu saa nane za usiku anaweza kuuamini, akaanza kuhangaika na damu wakati mtoto anahitaji sukari mshipani haraka. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe kwa maandishi. Maneno ya dirishani hayaachi alama.

Kama mnasafiri kwenda nyumbani Afrika, msitegemee namba pekee. E74.01 ni ya Marekani. ICD-10, orodha ya misimbo ya Shirika la Afya Duniani, inaishia E74.0, na humo wamerundikwa wote wenye magonjwa ya akiba ya sukari, wenye ugonjwa wa Pompe na wa McArdle wakiwemo. Daktari aandike jina zima la ugonjwa, jina la kimeng'enya, mtoto akiugua apewe nini, na kwamba wanga anakunywa mbichi, umekorogwa kwa maji baridi. Ukipikwa unamalizika upesi mwilini, na sukari haifiki asubuhi.

Barua hiyo ikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na wanga wenyewe. Vifuko vya unga mweupe uwanja wa ndege, bila barua, utajieleza mpaka ndege ikuache.