Kwenda polepole sana ndiko kulikonichelewesha

Jamani baada ya kiharusi kila mtu alikuwa ananiambia neno moja tu, nenda taratibu, usikimbilie, nami nikatii maana nani anataka kudondoka, basi nikawa natembea kama mtu aliyenasa kwenye matope, mguu wa kushoto naupitisha kwa nje kama nafunga geti, vidole vinaburuza chini.

Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanipima mita 10 kwa saa ya simu. Sekunde 25. Yaani mita 0.4 kwa sekunde, wakati mtu asiye na shida anamaliza kwa sekunde 7 au 8 hivi, na ukifika mita 0.8 kwa sekunde ndo wanakuhesabu unajimudu huko nje bila kubanwa sana. Nilinuna siku nzima.

Lakini kilichonishtua zaidi ni siku aliponiambia nilowanishe nyayo nitembee kwenye sakafu kavu tuangalie alama. Mimi nilikuwa naapa kabisa kwamba mguu mbovu ndo unapiga hatua fupi. Wapi! Mbovu hatua ndefu, mzima ndo kahatua kadogo ka harakaharaka. Kumbe mguu mzima ukiwa hewani mwili wote umebebwa na ule mbovu, mimi siuamini, kwa hiyo mzima unawahi kutua chini kabla mambo hayajaharibika. Sio wote wako hivi, wengine kwao ni kinyume, ndo maana angalia alama zako mwenyewe kwanza. Na tena kinachousukuma mwili mbele ni shavu la mguu, sasa langu lilikuwa limelala doro, na mimi miezi yote nimekazana kunyanyua goti tu.

Tukabadilisha zoezi. Nasimama pembeni ya meza imara, mguu mzima naupandisha kwenye kingazi kifupi naushusha, pole pole, ili mbovu ulazimike kubeba. Linachosha hilo, usilidharau. Halafu mdundo: nilihesabu hatua zangu kwa dakika nikapata 70, nikaweka programu ya mdundo kwenye simu kwa 70, nikizoea napandisha 74, natembea dakika moja moja kwa kasi kidogo kuliko ninayoipenda kisha napumzika. Cha ajabu nikiongeza kasi miguu inaelewana zaidi, goti linakunja lenyewe, wala sikutegemea.

Fimbo shika mkono wa upande mzima, sio upande mbovu, hapa wengi tunakosea. Kama wayo unaning'inia ulizia kile kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, mimi nilikataa kwa sababu ya aibu nikapoteza muda bure. Ngazi: kupanda anza na mzima, kushuka anza na mbovu.

Ila mambo ya kasi usianze peke yako. Pimwa kwanza, presha iwe imetulia, na mtu akae upande wako dhaifu, tena asikuvute mkono maana bega la upande huo linaumia kirahisi sana. Ukiona ganzi mpya au mdomo unapinda, achana na mazoezi, hospitali hapo hapo.

Sasa hivi natumia sekunde 14 asubuhi. Jioni nikichoka zinarudi 17, mguu unaanza tena kufunga geti, hapo natafuta kiti nakaa.