Rimu za Harrier kwenye Nissan Leaf

Kaka, umeuliza kama rimu za inchi 18 za Toyota Harrier zitaingia kwenye Leaf yako, hilo gari la umeme. Usilipe kwanza. Matundu ya nati yanalingana kweli, 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), na hapo ndipo watu wengi hukosea. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1, kitovu cha Leaf (sehemu ya gari inayoingia kwenye tundu hilo) ni 66.1. Haikai. Wapo mafundi watakaokwambia wachonge kidogo, lakini kazi hiyo isipofanywa kwa mashine ya tona (ya kukereza), rimu inakaa upande na usukani unatetemeka.

Nati za Toyota nazo usiziguse. Nafasi kati ya mizunguko ya uzi wake ni milimita 1.5, ya Leaf ni 1.25. Mimi nilifungiwa hizo gereji moja: nati ikazunguka kama mara mbili, ikagoma, fundi akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu, boliti ikakatika mbele yangu.

Kwa ushauri wangu baki na inchi 16. Rimu kubwa na nzito inakula betri, na kwa Leaf ya zamani ambayo betri yake imeshachoka, kila kilomita ina thamani. Tafuta rimu nyepesi ya Nissan, tairi 205/55R16, na usishuke chini ya namba 91 ya uzito (kilo 615 kwa kila tairi), maana gari hili lina takriban tani moja na nusu likiwa tupu. Upepo jaza PSI 36.