Kwa mwanangu Wangari: kuhusu .22-250, .204 na mbweha wa Rumuruti

Mwanangu Wangari,

Salamu kutoka Buruburu. Mama yako hajambo, isipokuwa goti lile lile. Jumapili iliyopita, kabla simu haijakatika, uliniuliza ununue bunduki ya risasi gani, .22-250 Remington au .204 Ruger, ya kuwazuia koyote, hao jamaa wa mbweha wa huko Marekani, wasiwamalize wanakondoo wenu huko Wyoming. Ulisema kwamba mzee jirani anauza .22-250 yake kwa bei ya ujirani, na kwamba mumeo anaitaka .204 mpya kutoka dukani. Nilikuambia nitakuandikia, kwa sababu swali la namna hiyo halijibiwi na mtu aliyesimama jikoni na simu iliyobakiwa na chaji ya asilimia nne. Binamu yako anasafiri Alhamisi, naye atakufikishia karatasi hizi.

Nianze na ile ya zamani, .22-250. Mafundi wa Marekani walichukua ganda la .250-3000 Savage, ambalo Charles Newton alilibuni na likaingia sokoni mwaka 1915, wakalibana shingo hadi likashika kichwa cha risasi chenye kipenyo cha inchi .224. Kwa miaka mingi ilibaki kuwa risasi ya watu wanaojitengenezea wenyewe, hata Browning ikaanza kuiundia bunduki mwaka 1963 kabla ya kiwanda chochote kuiuza, na Remington ikaipokea rasmi mwaka 1965. Kichwa cha greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi) hutoka mtutuni kwa mwendo wa futi zipatazo 3,680 kwa sekunde. Hiyo .204 ililetwa na Hornady pamoja na Ruger mwaka 2004, ikatolewa katika ganda la .222 Remington Magnum, na kichwa chake cha greni 32 hukaribia au hupita futi 4,200 kwa sekunde. Mumeo hakosei anaposema kwamba ina kasi zaidi. Tena hutumia baruti pungufu kwa karibu robo, mtutu hauchemki upesi, na teke lake ni dogo kiasi kwamba mpigaji humwona mnyama akianguka ndani ya darubini yake. Nitamwongezea hoja ambayo pengine hakukutajia: kichwa chake cha greni 40 hustahimili upepo vizuri kama kile cha greni 55 cha .22-250, au hata kukipita kidogo, na huko kwenu ninasikia upepo haupumziki.

Ukinisoma hadi hapo utadhani nimeshaamua. Sijaamua. Bunduki inayoua kwenye karatasi niliwahi kuishika mimi mwenyewe.

Unalikumbuka lile ganda dogo la shaba lililokuwa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya yako, ambalo wewe na kaka yako mlilipuliza kama filimbi mpaka mama yenu akalificha? Mlikuwa mkiniuliza lilitoka wapi, nami nilikuwa nikijibu kwamba lilitoka ranchi, kisha nikatoka nje. Lilikuwa ganda la .17 Remington.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa ranchi ya kondoo karibu na Rumuruti, na kazi yangu ilikuwa kulinda zizi. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla Serikali haijapiga marufuku uwindaji, na mwenye ranchi alikuwa na kibali. Kwa miaka mingi mbweha walikuwa wakipigwa kwa .22 Hornet, risasi ya mwaka 1930, greni 45, futi 2,700 kwa sekunde au pungufu, na kitako cha bunduki yenyewe kilikuwa kimechubuka kama jembe la kurithi. Mgeni wa mwenye ranchi akaja kutoka Marekani na .17 iliyotoka kiwandani miaka miwili tu nyuma. Kichwa chake kilikuwa greni 25, chembamba kama punje ya mchele, na kilikwenda futi 4,000 kwa sekunde. Aliiacha kama zawadi, pamoja na boksi nne za risasi. Mimi nilipiga mkebe wa maziwa kwa yadi 200 bila kuinua shabaha hata kidogo, nikasema Hornet ni ya wazee.

Mzee aliyekuwa akichunga nami, yule niliyewahi kuwaambia kwamba alinifundisha kusoma nyayo, hakusema lolote. Aliiangalia ile risasi kiganjani mwake, akanirudishia.

Wiki ya tatu mbweha aliingia mara mbili na kuua wanakondoo watano. Siku iliyofuata nilimwona alfajiri, amesimama kwa mshazari, umbali wa yadi 250 hivi, nikampiga begani. Aliruka, akajiangusha, akainuka, akaondoka. Tulifuata damu kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, tukimtafuta kuelekea mto Ewaso Narok, na tulipompata alikuwa hai chini ya kichaka cha leleshwa. Kile kichwa chepesi kilikuwa kimepasukia juu ya mfupa bila kuingia ndani. Mzee alimaliza kazi kwa rungu, kwa sababu mimi nilikuwa nimelenga mara mbili nikashindwa kufyatua. Nina miaka zaidi ya sabini, na bado sipendi harufu ya leleshwa baada ya mvua.

Kesho yake asubuhi niliikuta Hornet imeegemezwa mlangoni kwangu, imepakwa mafuta.

Sasa, ninajua utakavyojibu, kwa maana umerithi ulimi wa mama yako. Utasema kwamba .204 siyo .17, kwamba kichwa cha greni 40 kina uzito unaopita ule wa 25 kwa zaidi ya nusu yake, na kwamba siku hizi viwanda vinatengeneza vichwa vigumu vinavyopenya kabla ya kupasuka. Ni kweli. Utasema pia kwamba mtutu wa .17 huchafuka upesi, kwamba hatukuwa na ufito mwembamba wa kuusafishia, na kwamba baba yako alikuwa amepiga mikebe zaidi ya thelathini bila kuupitisha hata kitambaa. Hilo nalo ni kweli, na nimelisema moyoni mara nyingi kuliko utakavyolisema wewe. Tena mnyama alikuwa amesimama kwa mshazari, na mtu mwenye subira angemngoja ageuke ubavu. Basi kosa lilikuwa la risasi au la kijana wa miaka ishirini? Kuna usiku ninaihukumu risasi, na kuna usiku ninajihukumu mimi.

Hata hivyo, sikuiacha ile .17 kwa sababu ya mbweha. Niliiacha kwa sababu boksi ya nne iliisha, na hakuna duka lolote kuanzia Nyahururu mpaka Nairobi lililokuwa na boksi ya tano. Ilitundikwa ukutani na kubaki pambo, huku Hornet ikiendelea na kazi. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, hata tulipokuwa tunanunua jiko la gesi: kitu kizuri ni kile unachoweza kukinunulia akiba Jumatatu asubuhi. Mwaka 2020, risasi zilipoadimika Marekani, zile zinazouzwa kwa wingi ndizo zilizorudi rafuni kwanza. Kwa hiyo, kabla ya mabishano ya kasi, ingia katika duka la mji wenu, siyo la mtandaoni, uhesabu boksi za .22-250 na boksi za .204. Hesabu kwa kidole. Kisha rudi baada ya mwezi, uhesabu tena.

Ukiitazama ile ya jirani, muulize mtutu una msokoto gani, yaani mifuo iliyochongwa ndani yake huzunguka mara moja katika inchi ngapi. Bunduki nyingi za zamani za .22-250 zina mzunguko mmoja katika inchi 14, na hazivishiki vizuri vichwa vizito kupita greni 55 au 60. Kwa koyote hilo halikuzuii, lakini ulijue. Uangalie pia mdomo wa mtutu na mwanzo wa mifuo, kwa sababu .22-250 ikipigwa mfululizo ikiwa moto hula chuma, na mzee anayeuza kwa bei ya ujirani huenda ameila nusu. Koyote ni mzito kuliko mbweha wetu. Nishati ya .22-250 pale mdomoni ni kama jouli 2,240, na ya .204 yenye kichwa cha greni 32 ni kama 1,720. Tofauti hiyo usiidharau, wala usiiabudu. Mpigaji aliyezoea bunduki yake kwa risasi mia tatu anaifuta.

Ndiyo maana narudi pale pale. Risasi mia tatu za kujizoeza utazipata wapi, na kwa bei gani, Jumatatu asubuhi?

Mama yako amesoma hadi hapa, akasema mume na mke wachaguliane wenyewe, na kwamba mkwe hatakiwi kuletewa uamuzi kwa posta. Nimekubali kwa shingo upande. Nilikuwa nimeandika jibu langu katika mstari huu, nami nimelikata kwa kalamu kama alivyoniamuru. Lakini unajua jinsi ninavyokandamiza kalamu. Ukiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha utalisoma.

Baba yako