Kausha damu, halmashauri au benki? Jibu kwa muuza dagaa wa Tanga

Mdogo wangu umeuliza: unanunua dagaa soko la samaki la Deep Sea, unachemsha na kuanika, wateja unao, benki imekukatalia milioni 3, na sasa kuna mtu wa kausha damu, hii mikopo ya mitaani ya riba kali, yuko tayari kukupa kesho. Umchukulie, au usubiri mkopo wa halmashauri? Mimi niko kwenye dagaa hapa hapa Tanga, nimekopa kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana) na nimekopa benki. Kausha damu sijachukua, ila nimewaona wakibeba friji na makochi ya jirani yangu mchana kweupe.

Wengi waliokujibu wamekwambia umekataliwa kwa kuwa huna hati ya nyumba. Hati inahusika, sikatai. Nyumba zetu za Ngamiani nyingi ni za urithi, babu kafa zamani, warithi wamejaa uani, na karatasi bado ina jina la marehemu. Hiyo benki haiishiki. Na hata ingekuwa na hati, nyumba ya mke na mume haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Lakini kwa milioni 3 mimi naona tatizo lako ni jingine: umesema wateja wanakulipa mkononi au kwenye laini ya mumeo. Basi machoni pa benki mfanyabiashara ni mumeo, wewe unamsaidia tu! Sajili laini kwa jina lako, mauzo yapitie akaunti yako, hata kama kesho yake asubuhi unazitoa zote kununua mzigo. Wanatazama mzunguko kuliko salio.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona mtu kaligusa, nalo ndilo linalowaangusha watu wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Mwezi ukishakuwa mkubwa mashua zinalala, na wewe unakula ulichoweka. Mkopo wa kausha damu unarejeshwa kila wiki, wengine kila siku. Utalipa nini wiki mbili za mbalamwezi? Hapo ndipo mtu anakopa huku kulipa kule.

Benki nayo ina tarehe yake, na tarehe haifuati mwezi wa angani. Giza linarudi nyuma kwenye kalenda kama Ramadhani inavyorudi, siku 10 au 11 kwa mwaka. Mkopo wa mwaka mmoja ukianza tarehe 5 ikiwa katikati ya giza, ukimalizika tarehe 5 hiyo hiyo mwezi unakaribia kujaa. Kwa hiyo mimi giza likianza tu, rejesho linatoka kwanza, linaingia akaunti ya mkopo, ndipo nanunua mzigo wa pili. Afisa mikopo wangu, kijana wa bara, aliniuliza mbona akaunti inakauka kila mwezi, akadhani biashara inayumba. Nikamfungulia daftari: ukurasa wa kushoto giza, wa kulia mbalamwezi, ndoo ngapi zimeingia, kuni, chumvi, nimeuza kwa nani. Akapiga picha kurasa kadhaa akaziweka kwenye faili. Peleka daftari, mdogo wangu.

Riba uliza hivi: inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalopungua? Chukua milioni 3, miezi 12, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote, kila mwezi riba ni 105,000, jumla 1,260,000. Ikihesabiwa kwenye salio, huku ukipunguza 250,000 ya mtaji kila mwezi, jumla ya riba ni 682,500. Asilimia ni ile ile! Hapo hujaweka ada ya maombi na bima ya mkopo, nazo ziulizie kabla ya kusaini.

Mkopo wa halmashauri unatoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa wanawake ni ya vikundi, siyo ya mtu mmoja, na haina haraka, kwa hiyo usiifanye ndiyo mtaji wa giza lijalo. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu muanze usajili, huku maisha yanaendelea.

Huyo wa kausha damu mwambie akuonyeshe leseni ya Benki Kuu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa biashara hiyo lazima awe nayo. Akianza hadithi, funga mlango.

Kwa sasa ningekuwa wewe ningeongeza hisa kikobani, nichukue kidogo, na nipitishe mauzo akaunti kwa miezi 6 hivi kabla ya kurudi benki. Ila usipange rejesho la kwanza liangukie mwezi wa 4. Masika ya huku unayajua, dagaa wakilala na unyevu siku mbili wanaishia kuwa chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku hailipi mkopo wa mtu.