Umezidisha siku na mpaka uko mbele yako: majibu ya maswali yenu

Karibu maswali yote safari hii yanazunguka jambo moja. Msafiri amepitiliza siku mbili tatu, anaelekea mpaka wa nchi kavu, na anataka kujua atafanywa nini dirishani. Wengi mmeandika sentensi ileile: "Viza yangu bado ina mwezi mzima, kwa nini niambiwe nimezidisha?" Nawajibu kwa pamoja hapa juu na sitarudia huko chini. Viza inakwambia lini unaruhusiwa kubisha hodi. Siku za kukaa ni hesabu nyingine, imeandikwa penye muhuri wa kuingia au kwenye mstari wake ndani ya stika ya viza. Ukishagongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe.

Stika yangu ya viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) inaanzia tarehe 1 hadi 30 Juni. Niliingia tarehe 9, nikatoka Hungary kwenda Serbia kwa basi tarehe 27. Ofisa kasema nimezidisha siku nne. Hesabu gani hiyo?

Hesabu sahihi. Tazama tena stika yako: kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na mstari wa tatu wenye idadi ya siku. Bila shaka wako umeandikwa 15. Ubalozi huongeza siku 15 kwenye tarehe za viza ili ukichelewa kuanza safari usipoteze kitu, ila siku za kukaa zinabaki 15 zilezile. Umeingia tarehe 9, siku ya 15 ni tarehe 23. Ya 24, 25, 26 na 27 hukuwa nayo ruhusa. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima hata ukipita saa sita kasoro dakika kumi usiku, na siku ya kutoka vilevile.

Wenye viza za kuingia mara nyingi mna mtego wenu. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180, na hizo 180 hazianzi Januari wala siku uliyoingia mara ya kwanza. Kila siku unayokuwa ndani, rudi nyuma siku 180 na ujumlishe zote ulizokaa. Zikizidi 90, umezidisha. Na kuanzia 1 Januari 2025 Romania na Bulgaria zimeondolewa ukaguzi wa nchi kavu na nchi wenzao wa Schengen. Aliyezoea kutoka Hungary kuingia Romania "kupumzisha siku" sasa hapumzishi hata moja, na hakuna dirisha la kumwambia hivyo. Atajua anapotoka.

Tegemeo la zamani la ofisa kupekua kurasa na kuchoka limekwisha pia. Mfumo mpya wa kusajili kuingia na kutoka, ulioanza 12 Oktoba 2025, unachukua alama za vidole na sura, na unajumlisha siku wenyewe.

Ukiugua ukashindwa kuondoka, nenda ofisi ya uhamiaji ya nchi uliyopo kabla siku hazijaisha. Kanuni za viza za Schengen zinaruhusu kuongezewa siku bila malipo ukizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wako, na kwa euro 30 ukiwa na sababu nzito ya binafsi. Barua ya hospitali iwe na tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa. "Mgonjwa alihudhuria kliniki" haitoshi.

Nilipewa siku 90, niliingia tarehe 1 Julai, natoka 30 Septemba. Si ndiyo miezi mitatu kamili?

Ni miezi mitatu kamili na ni siku 92. Julai ina 31, Agosti ina 31, siku ya 90 inaangukia 28 Septemba. Hakuna uhamiaji unaohesabu kwa miezi kama ulipewa siku. Swali hili linakuja kila mara na jibu halijabadilika.

Nipo Thailand kwa viza ya utalii, nimezidisha siku tatu. Keshokutwa navuka kwenda Laos kwa Daraja la Urafiki la Nong Khai. Nijiandae vipi?

Kwanza rekebisha hesabu. Tatu ni leo. Keshokutwa zitakuwa tano. Faini ni baht 500 kwa siku, kwa hiyo andaa 2,500, taslimu, kwa baht. Faini ikifika 20,000, yaani siku ya 40, haipandi tena, lakini hapo unakuwa na matatizo makubwa kuliko fedha.

Ukijipeleka mwenyewe dirishani ukiwa hujafika siku 90 za kuzidisha, unalipa, unatoka, na hupigwi marufuku ya kurudi. Ukikamatwa kabla hujafika dirishani, hata kwa siku moja tu, kanuni zinazotumika tangu 20 Machi 2016 zinakufungia miaka mitano, na kabla ya hapo utapita mahabusu. Sasa fikiria njia unayoichagua: kutoka Bangkok hadi Nong Khai ni basi la usiku mzima, na barabarani kuna vizuizi vya polisi wanaopanda ndani na kuomba pasipoti. Mpaka wa nchi kavu unaonekana rahisi kwa sababu nauli ni ndogo, kumbe ndio unaokuweka barabarani saa nyingi zaidi ukiwa huna ruhusa. Aliyezidisha siku na yuko Bangkok, ushauri wangu ni uwanja wa ndege, hata kama tiketi inauma.

Kama lazima daraja, fika asubuhi. Kituo kinafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na anayefika saa 4 kasoro robo na faini ya kujaza fomu anaweza kulala upande huohuo na kuongeza siku nyingine. Mwambie ofisa mwenyewe, kabla hajaona: nimezidisha siku tano. Atakupeleka meza ya pembeni. Utajaza fomu, utasaini, utalipa, utapewa risiti, na pasipoti itagongwa muhuri wa kuzidisha. Kabla hujapanda basi la kuvuka daraja, hakikisha upo na muhuri wa *kutoka*, maana ni mihuri miwili tofauti na watu husahau wa pili kwa furaha ya kumaliza wa kwanza.

Halafu jambo ambalo hukuuliza. Kabla siku hazijaisha ungeweza kwenda ofisi ya uhamiaji na baht 1,900, ukaongezewa siku 30. Faini ya siku nne tayari inapita kiasi hicho.

Ninasafiri na mtoto wa miaka 12, huko huko Thailand. Naye analipa?

Chini ya miaka 15 halipi. Wewe mzazi unalipa ya kwako.

Mimi Mtanzania, niko Afrika Kusini. Nitafika Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, siku ya 92. Nimetenga randi 2,000 za faini. Zitatosha?

Zirudishe mfukoni. Afrika Kusini hakuna faini ya kuzidisha siku tangu 26 Mei 2014. Atakayekuomba randi kwa ajili ya "faini" pale kituoni, awe amevaa sare au hajavaa, anakuibia, na ukishampa hana cha kukufutia kwenye kompyuta.

Kilichopo ni kizito kuliko faini. Ukizidisha kwa siku zisizozidi 30, unatangazwa kuwa mtu asiyetakiwa nchini kwa miezi 12. Ukirudia ndani ya miezi 24, ni miaka miwili. Ukipita siku 30, ni miaka mitano. Siku mbili zako na siku ishirini za jirani yako zina adhabu moja.

Dirishani utapewa karatasi ya tamko. Isome palepale. Angalia jina, namba ya pasipoti, tarehe uliyopaswa kutoka na muda wa marufuku. Kosa la tarakimu moja litakusumbua baadaye kuliko marufuku yenyewe. Usikatae kuipokea ukidhani kukataa kunaifuta, maana tamko liko kwenye mfumo, na bila karatasi utakosa cha kuambatanisha unapokata rufaa. Una siku 10 za kazi kuomba tamko lipitiwe upya. Maombi yanaandikwa kwa wizara ya mambo ya ndani ya huko ukiwa tayari nje. Ambatanisha nakala ya tamko, ukurasa wa picha wa pasipoti, ukurasa wa mihuri, barua ya maelezo isiyozidi ukurasa mmoja, na ushahidi wenye tarehe: karatasi ya kulazwa, namba ya kesi ya polisi kama uliibiwa pasipoti, taarifa ya kufutwa kwa safari. "Nilikosea kuhesabu" ni kweli, ila haina uzito.

Wale mnaopanga kuvuka Zimbabwe, mlale usiku mmoja, mrudi mkapewe 90 mpya: kwa kawaida ofisa anakurudishia tarehe yako ya zamani. Nchi jirani haianzishi hesabu upya. Na maombi ya kuongezewa muda yanatakiwa kuwasilishwa siku zisizopungua 60 kabla ya kuisha, yaani mwenye siku 90 ana siku 30 za mwanzo tu za kufanya uamuzi. Ukianza kuulizia wiki ya mwisho umeshachelewa karibu miezi miwili.

Mimi ni dereva wa lori. Nimekwama kwenye foleni ya Beitbridge, upande wa Afrika Kusini, siku tatu na ruhusa yangu inaisha kesho. Foleni si kosa langu.

Si kosa lako, lakini mfumo hauoni foleni, unaona tarehe. Mwachie utingo gari, nenda kwa miguu kwenye dirisha la uhamiaji *leo*, pasipoti mkononi, ueleze gari liko wapi. Beitbridge inafanya kazi saa 24, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kufungwa. Kama hawawezi kukugongea ukiwa umeacha gari, uliza kwa msimamizi wa zamu, na uondoke na kitu kilichoandikwa. Hifadhi nyaraka za forodha zenye tarehe na saa, ujumbe wa wakala wako wa forodha, na picha za foleni zinazoonyesha tarehe. Hizo ndizo zitakazobeba ombi lako likifika hatua hiyo. Na mwajiri anayekupangia safari ya kurudi siku ya mwisho ya ruhusa anacheza na kazi yako, mwambie mapema.

Kuna kijana kituoni anasema ana mtu wake ndani, nimpe pasipoti na hela kidogo atanirudishia ikiwa imegongwa tarehe ya nyuma. Niamini?

Hapana. Vishoka wapo kila mpaka na wana hadithi moja. Muhuri wa tarehe ya nyuma hauingii kwenye kompyuta, kwa hiyo siku mfumo unapofunguliwa utaonekana umezidisha *na* umeghushi. La kwanza lilikuwa faini au marufuku, la pili ni jinai. Malipo halali yana risiti yenye jina lako na namba ya pasipoti. Ukiambiwa risiti zimeisha, subiri ziletwe nyingine.

Marafiki wananishauri nipite njia za panya usiku, nisikutane na ofisa kabisa.

Utabaki huna muhuri wa kutoka huku wala wa kuingia kule. Umekuwa mhamiaji haramu wa nchi mbili ili kukwepa faini ya moja.

Nikishalipa faini na kugongewa kutoka, halafu nchi ya pili ikanikataa, itakuwaje?

Hili ndilo swali ambalo wote mngepaswa kuuliza. Ofisa wa upande wa pili anafungua pasipoti, anakuta muhuri wa kuzidisha wa dakika kumi zilizopita, na ana haki ya kukuuliza kwa nini asidhani utamfanyia hivyohivyo. Akikurudisha, unarudi ulikotoka ukiwa umeshatumia viza ya kuingia mara moja, umeshagongewa kutoka, na huna ruhusa ya kuwa hata pale uliposimama.

Kwa hiyo usiende mpakani na kosa la kuzidisha huku ukitegemea kupata viza ya nchi ya pili papo hapo, kama unaweza kuipata mapema. Beba tiketi ya kuendelea na safari au ya kurudi nyumbani, anwani ya unakofikia, fedha za kuonyesha, na ile risiti ya faini. Risiti inamwambia ulijipeleka mwenyewe na ukamaliza. Kama uko kwenye basi, mwambie kondakta mapema kwamba utachelewa dirishani, na ushushe mizigo yako yote. Basi halisubiri fomu.

Mimi Mkenya, nilikaa Tanzania wiki tatu tu, nikarudi kupitia Namanga. Safari iliyofuata nikaambiwa mara ya kwanza sikutoka. Inawezekanaje?

Ulilipita dirisha. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, kwenye nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania, dirisha la Tanzania la kutoka liko upande wa Kenya, kando ya la Kenya la kuingia. Watu wanaona wameshavuka, wanakwenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyumbani, wanapita. Kwenye mfumo wa Tanzania bado uko ndani, na siku zinaendelea kujihesabu.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa pasi ya mgeni bila malipo, hadi miezi sita. "Hadi" maana yake ofisa anaweza kuandika pungufu, kwa hiyo soma alichoandika. Kwa tatizo lako, nenda na muhuri wa Kenya wa kuingia wa tarehe ile. Huo unathibitisha ulikuwa umetoka, na ndio utakaoombea rekodi irekebishwe.

Fomu ya viza inauliza kama nimewahi kuzidisha muda nchi yoyote. Ilikuwa siku moja, nililipa. Niandike hapana?

Andika ndiyo, taja nchi, tarehe, siku moja, faini imelipwa, na uambatanishe nakala ya risiti.